CHURA NA PANYA WA SHAMBANI: NI YUPI ADUI WA MKULIMA?

Mvua ya kwanza ya masika inyeshapo, baada ya vumbi la miezi mingi, wageni wawili huja nyumbani kwa mkulima usiku ule ule. Wa kwanza huja polepole, akiruka kidogo na kupumzika, mpaka afike chini ya taa iliyotundikwa barazani. Hapo huketi kimya kama mzee aliyeitwa shaurini, akingoja. Wa pili haonekani ila kama kivuli kipitacho kando ya ukuta, na kabla mtu hajasema "Yule!" amekwisha kuingia ghalani. Mtoto wa nyumba huokota jiwe. Na kwa kuwa yule wa pili amekwisha kutoweka, jiwe humwangukia wa kwanza.

Hivyo ndivyo ilivyo katika nyumba nyingi. Chura hupigwa kwa sababu ni mzito wa miguu na sura yake haipendezi. Panya huponea kwa sababu ni mwepesi. Lakini lau hesabu ingefanywa kama karani aifanyavyo mwisho wa mwezi, kila mmoja akaandikiwa alicholeta na alichochukua, ingeonekana wazi kwamba jiwe lile limempata asiye na deni. Yafaa basi wanyama hawa wawili wawekwe pamoja katika mizani, wapimwe kwa mwili wao, kinywa chao na uzazi wao, ili mkulima ajue ni yupi wa kufukuzwa na ni yupi wa kuachwa.

WANAVYOFANANA

Wako chura wa aina nyingi katika nchi za Afrika ya Mashariki, na panya vile vile. Wanaosemwa hapa ni wale wawili ambao mkulima hukutana nao mara kwa mara. Wa kwanza ni chura mkubwa wa nchi kavu, mwenye ngozi ya rangi ya udongo, yenye mabaka meusi na vinundu vingi, ambaye sauti yake usiku ni kama mkoromo wa mtu aliyelala chali. Wataalamu humwita kwa Kilatini Sclerophrys gutturalis, naye huonekana tangu Kenya mpaka Afrika ya Kusini. Wa pili ni panya wa shamba, mwenye manyoya laini ya kijivu na hudhurungi, na mkia mwembamba ambao urefu wake ni karibu sawa na ule wa mwili. Uzito wake mara nyingi ni kati ya gramu 40 na 80. Huyu huitwa Mastomys natalensis, naye ameenea katika sehemu kubwa ya Afrika iliyo kusini ya jangwa la Sahara.

Kwa kuwatazama juu juu, mtu angeweza kudhani kuwa ni ndugu wa tabia. Wote wawili huenea katika kiganja cha mkono. Wote hujificha mchana na kutoka usiku. Wote hukaa karibu na watu, kwa kuwa penye watu pana taa, pana takataka, pana maji na pana chakula. Wote huongezeka wakati wa mvua, na wote ni kitoweo cha nyoka na bundi. Lakini ukipita hapo, kufanana kwao kumekwisha.

DAMU NA NGOZI

Panya ni mnyama wa damu moto kama alivyo binadamu. Yambidi mwili wake uwe na joto usiku na mchana, na joto hilo hutokana na chakula. Tena mwili mdogo hupoteza joto upesi, kama kikombe kidogo cha chai kipoavyo kabla ya sufuria kubwa. Kwa sababu hiyo panya hawezi kufunga. Kwa kadiri, kila siku hula chakula kipatacho sehemu moja katika kumi ya uzito wake.

Hesabu yake ni rahisi. Panya mwenye gramu 50 hula gramu 5 kwa siku, na gramu 5 ni punje chache tu za mahindi ambazo hakuna mtu awezaye kuziona zikipungua katika gunia. Lakini panya 100 hula nusu kilo kwa siku, na kwa mwaka mzima hula kilo 182, yaani magunia mawili ya kilo 90 na kidogo zaidi. Na hayo ni yale yaliyoliwa tu. Yale yaliyochafuliwa kwa mkojo na mavi, na yale yaliyomwagika katika magunia yaliyotobolewa, hayamo katika hesabu hiyo.

Chura ni mnyama wa damu baridi. Joto la mwili wake hufuata joto la mahali alipo, wala hahitaji kula ili ajipashe moto. Wakati wa kiangazi huingia katika ufa wa ardhi, au chini ya jiwe, au katika shimo lililoachwa na mnyama mwingine, akakaa huko muda mrefu pasipo kula, akiingoja mvua. Mvua ikija, hutoka na njaa yake yote, wakati ule ule ambapo wadudu nao wanatoka kuishambulia mimea michanga.

Tena ngozi ya chura si kama ngozi ya panya. Panya amevaa koti la manyoya, lakini chura yu uchi, na ngozi yake hufanya kazi nyingi. Chura hanywi maji kwa kinywa. Huketi mahali penye unyevu, na ngozi ya tumbo lake huyavuta maji ndani. Sehemu ya pumzi yake pia hupita katika ngozi hiyo. Ndiyo sababu chura hupenda mahali penye ubaridi na kivuli, na ndiyo sababu vile vile dawa ya kuua wadudu ikinyunyizwa ovyo humdhuru upesi. Dawa ambayo panya huweza kuipita bila kuigusa kwa ulimi, chura huinywa kwa tumbo lake kwa kuikalia tu.

ULIMI NA MENO

Anayetaka kumjua mnyama na amtazame kinywa. Chura huyu wa nchi kavu hana hata jino moja. Silaha yake ni ulimi, ambao umeshikwa mbele ya kinywa wala si nyuma, hata huweza kuutupa nje kwa ghafula, mdudu akanata, ukarudi naye. Akimeza, hufumba macho, na macho yenyewe hushuka ndani ya kichwa na kusaidia kukisukuma chakula kooni. Wala hali kitu kisichojongea. Punje ya mahindi kwake ni kama kokoto. Hata akifungiwa ghalani mwezi mzima, hatamaliza punje moja. Atakufa na njaa kati ya magunia, kama maskini mlangoni pa tajiri.

Chakula chake ni mchwa, sisimizi, mbawakawa, panzi, viwavi, nondo na konokono wadogo. Wengi katika hao ndio walao miche, majani na mizizi ya mimea ya mkulima. Chura hatozi mshahara kwa kazi hiyo, wala hahitaji kununuliwa.

Panya ni wa jamaa ya wanyama wagugunao. Mbele ya kinywa chake yako meno manne marefu, mawili juu na mawili chini, nayo hayaachi kukua maisha yake yote. Upande wa mbele wa kila jino ni mgumu sana, na upande wa nyuma ni laini zaidi. Kwa hiyo, kila agugunapo, upande wa nyuma hulika upesi kuliko wa mbele, na ncha ya jino hubaki kali kama patasi ya seremala. Mkulima hunoa jembe lake kwa tupa. Panya hunoa meno yake kwa kazi yenyewe. Asipoguguna, meno yangerefuka mpaka yakamzuia kula. Ndiyo maana huonekana akitafuna hata mbao, ngozi na sabuni.

Hasara yake ya kwanza huja kabla mkulima hajaona jani. Mahindi yakisha kupandwa, panya huufuata mstari usiku, akafukua mbegu moja baada ya moja. Asubuhi mkulima huona vishimo vidogo, au haoni kitu kabisa, na baada ya siku kumi hushangaa kuona mapengo shambani. Wengi husema kwamba mbegu ilikuwa mbovu, wakamlaumu mwenye duka aliyewauzia. Hununua mbegu tena, wakapanda tena, na panya akala tena. Siku za hatari hasa ni zile wiki mbili za kwanza. Mche ukisha kukua panya huuacha, akarudi tena wakati mahindi yanapokomaa, na baada ya hapo huyafuata mpaka ghalani.

WATOTO KUMI NA MAYAI ELFU KUMI

Katika jambo la uzazi, mtu asiyejua angedhani kwamba chura ndiye wa kuogopwa. Jike la chura hutaga mayai katika dimbwi au mto upitao taratibu, yamepangwa katika nyuzi ndefu za utelezi kama shanga nyeusi. Jike moja huweza kutaga zaidi ya mayai 10,000 kwa mara moja. Jike la panya wa shamba huzaa watoto kama 10 tu, ingawa mara nyingine huzidi hapo. Sasa 10 ni nini mbele ya 10,000?

Jibu li katika malezi. Chura akisha kutaga huenda zake. Mayai huanguliwa yakawa viluwiluwi weusi, wenye mkia na matamvua kama samaki, nao hubaki bila baba wala mama. Samaki huwala, ndege huwala, wadudu wa majini huwala, na mara nyingi dimbwi lenyewe hukauka kabla hawajaota miguu. Wale wanaoponea, baada ya wiki kadhaa, hupoteza mkia na kutoka majini wakiwa chura wadogo wenye ukubwa kama ukucha wa kidole. Hata hapo adui ni wengi. Katika yale maelfu, wachache sana hufika kuwa watu wazima.

Panya hufanya kinyume chake. Huchukua mimba siku 23 tu, akazaa katika tundu lenye majani makavu, akawafunika watoto na kuwanyonyesha. Panya huyu ana jambo lisilo la kawaida: jike lake huweza kuwa na matiti 24, hata kila mtoto hupata lake, na la akiba likabaki. Watoto huachishwa kunyonya baada ya wiki kama tatu, na wakipata chakula kizuri huanza kuzaa wenyewe wakiwa na umri wa miezi kama mitatu. Jike moja likizaa watoto 10 kila mwezi kwa muda wa miezi mitano, hao ni 50, kabla ya kuwahesabu wajukuu. Kweli wengi wao hufa, na panya wa shambani ni nadra kumaliza mwaka, hali chura huweza kuishi miaka kadhaa. Lakini uzao wa panya ni kama mkopo wenye riba kubwa: mkopaji akilala, deni halilali.

HABARI YA MWAKA 1962

Wazee waliokuwa wakilima wakati ule hawakuhitaji kuambiwa mambo haya na mtu. Mwaka 1961 Kenya ilipatwa na ukame mkali, na kabla mwaka haujaisha zikaja mvua kubwa zisizo na kifani, mito ikafurika na njia zikakatika. Nyasi ziliota kila mahali. Mwaka uliofuata, 1962, panya walitokea kwa wingi wa kutisha katika sehemu za kilimo. Panya wa shamba walikuwamo, pamoja na jamaa zao wa aina nyingine. Ilikadiriwa kwamba katika mashamba yaliyovamiwa sehemu moja katika tano ya mahindi ilipotea, na ngano na shayiri ziliharibiwa zaidi. Mashamba mengine ya nafaka hizo yalikwisha yote.

Watu wengi walidhani kwamba panya hao wameshuka kutoka mahali fulani. Hawakushuka. Walizaliwa pale pale. Uchunguzi uliofanywa kwa miaka mingi katika Tanzania, hasa upande wa Morogoro, umeonyesha jinsi jambo hilo linavyotokea. Kwa kawaida panya huanza kuzaa kwa wingi nyasi changa na mbegu zake zinapopatikana baada ya masika. Lakini mvua za vuli zikiwa nyingi kuliko desturi, chakula hupatikana mapema, na kizazi kimoja zaidi huzaliwa na kukua kabla ya wakati wake. Kizazi hicho nacho huzaa masika yafikapo. Hivyo mvua ambayo mkulima huishukuru leo ndiyo imleteayo panya miezi michache baadaye. Mtu aliyeziona mvua nyingi za vuli, naye anajua jambo hili, hangoji kuwaona panya ndipo atafute mitego.

MARADHI NA MANENO YA WATU

Yako maneno mengi yasemwayo juu ya chura. Wako wasemao kwamba ametumwa na mchawi, na wako wasemao kwamba mtu amshikaye huota chunjua mikononi. Maneno hayo hayana msingi. Chunjua za watu huletwa na kirusi kiambukizacho ngozi ya binadamu, na vile vinundu vya chura si chunjua bali ni tezi za ngozi yake.

Hata hivyo, tezi hizo zina kazi yake. Nyuma ya macho ya chura ziko tezi mbili kubwa zenye maji mazito kama maziwa, nayo ni sumu. Chura hamtemei mtu sumu hiyo, wala haumi. Hutoka anapobanwa au anapotiwa kinywani. Mbwa amng'ataye hutokwa na povu na huweza kuugua sana. Kwa hiyo watoto wafundishwe wasimchezee, na mtu aliyemshika anawe mikono kabla ya kugusa macho au chakula. Hiyo ndiyo sumu yote ya chura, naye huitumia kwa kujilinda tu.

Maradhi ya panya ni mambo mengine kabisa. Panya hubeba viroboto, na viroboto huweza kubeba vijidudu vya tauni. Mwaka 1902, Nairobi ungali mji mchanga wa reli, tauni iliingia, na soko la Wahindi likachomwa moto ili kuyazuia maradhi hayo. Katika Afrika ya Magharibi huyu huyu panya mwenye matiti mengi ndiye abebaye homa ya Lassa, iliyotambuliwa mwaka 1969 katika Nigeria. Tena uko ugonjwa upitao katika mkojo wa panya na wa wanyama wengine, ambao katika Tanzania huitwa homa ya mgunda. Mwaka 2022 ulizuka katika Mkoa wa Lindi, na watu walikufa kabla haujajulikana ni ugonjwa gani. Vijidudu vyake hukaa majini na katika udongo wenye unyevu, vikaingia mwilini kwa njia ya jeraha. Mkulima alimaye bila viatu mahali penye panya wengi yu karibu na hatari hiyo, na chakula kilichokojolewa na panya si cha kupepetwa na kuliwa.

CHURA SI MGANGA WA YOTE

Katika hukumu ya haki, hata rafiki husemwa makosa yake. Chura hachagui: hula mdudu mwovu na mdudu mwema pamoja. Afugaye nyuki, akiiweka mizinga yake chini, atamwona chura ameketi mlangoni akiwameza nyuki mmoja mmoja. Dawa yake ni kuiinua mizinga. Wala chura hawezi kumfukuza panya, wala kuondoa fukusi walio ndani ya punje.

Tena si vizuri kumchukua chura wa nchi moja na kumpeleka nchi nyingine. Mwaka 1922 chura wa aina hii hii walichukuliwa kutoka Afrika ya Kusini wakapelekwa kisiwani Mauritius, kwa matumaini kwamba watawala mbawakawa waliokuwa wakiharibu miwa. Matumaini hayo hayakutimia, lakini chura walienea kisiwa kizima, wakawala wadudu na konokono wa kienyeji wasiopatikana mahali pengine duniani. Chura ni mlinzi mzuri katika nchi aliyozaliwa. Huko ugenini amekuwa mvamizi.

Panya naye, ili asidhulumiwe, ana jamaa wanaostahili heshima. Mjini Morogoro panya buku, ambaye ni mkubwa kuliko panya wa shamba mara nyingi, hufundishwa kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na kunusa makohozi ya wagonjwa ili kutambua kifua kikuu. Kwa hiyo kosa si jina la panya. Kosa ni la panya wa shamba, naye hulitenda kwa sababu hupewa nafasi.

Jambo la mwisho juu ya chura ni la huzuni. Ripoti ya wataalamu wa dunia ya mwaka 2023 ilieleza kwamba katika kila aina tano za wanyama wa jamaa ya chura, aina mbili zimo katika hatari ya kutoweka. Mfano uko karibu. Katika korongo la mto Kihansi, nchini Tanzania, aligunduliwa mwaka 1996 chura mdogo sana aliyeishi katika manyunyu ya maporomoko ya maji, na hapo tu. Kuanzia mwaka 2000 maji mengi ya mto huo yalipelekwa katika mitambo ya umeme, manyunyu yakapungua, na baada ya miaka michache chura hao hawakuonekana tena. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba wametoweka porini. Walisalia wale tu waliokuwa wamepelekwa Marekani kutunzwa, na uzao wao ulianza kurudishwa Kihansi mwaka 2012. Chura wa shambani hayumo katika hatari kama hiyo, lakini ngozi yake ni ile ile. Dimbwi lililokuwa na viluwiluwi mwaka jana, na mwaka huu halina hata kimoja, yafaa liulizwe limetiwa nini.

YAFAAYO KUFANYWA

Mkulima aliyekwisha kuwapima wanyama hawa wawili hahitaji fedha nyingi ili kuifuata hukumu yake. Kwa upande wa panya, kazi ya kwanza ni kufyeka. Nyasi ndefu na vichaka vilivyo kando ya shamba ndiyo nyumba ya panya; huogopa kuvuka mahali peupe, kwa kuwa bundi humwona. Mabua yaliyoachwa shambani na marundo ya takataka karibu na nyumba ni nyumba yake ya pili.

Kazi ya pili ni kuvuna kwa wakati. Mahindi yaliyokauka na kuachwa shambani wiki nyingi ni karamu iliyoandaliwa. Kazi ya tatu ni ghala. Ghala na lisimame juu ya miguu ipatayo futi 3, mbali na miti na kuta, na kila mguu uvikwe bati lililokunjwa kama faneli iliyopinduliwa, ili panya akipanda afike hapo na kurudi. Bati la namna hiyo hutengenezwa na fundi yeyote wa soko, na gharama yake haifiki thamani ya gunia moja.

Sumu ni ya kuangaliwa sana. Sumu ya panya haijui panya na kuku, wala panya na mtoto. Tena bundi alaye panya aliyekula sumu huweza kufa naye. Watu wengi humchukia bundi kwa sababu ya mlio wake, kama wanavyomchukia chura kwa sababu ya ngozi yake. Lakini bundi mmoja huweza kula panya kadhaa kwa usiku mmoja. Ni afadhali mtego, na ndoo iliyofukiwa na kutiwa maji nusu, na paka mwenye njaa kidogo.

Lakini hakuna moja la hayo lifaalo sana likifanywa na mtu peke yake. Mkulima mmoja akiwaua panya wote wa shamba lake, wiki chache tu zikipita nafasi yao hujazwa na panya wa jirani. Wazee walisema kwamba panya wengi hawachimbi shimo, nao walikuwa wakiwasema watu wasiopatana. Kijiji kinachofyeka siku moja, kikapanda wiki moja na kutega pamoja kabla ya kupanda, hupata faida ambayo mtu mmoja mwenye bidii hawezi kuipata hata akikesha.

Kwa upande wa chura, kazi ni ndogo zaidi. Dawa ya wadudu isinyunyizwe ila pale ilipo haja, wala bomba lisioshwe mtoni au katika dimbwi. Mahali padogo penye unyevu na kivuli paachwe karibu na bustani ya mboga, jiwe au gogo likiwa hapo, mbali na ghala. Basi. Mengine atayafanya mwenyewe.

Mvua ya kwanza itakaporudi, wageni wale wawili watakuja tena usiku ule ule. Mtoto ataliokota jiwe, kwa kuwa ndivyo alivyowaona wakubwa wake wakifanya. Hapo ndipo baba yake, au nyanya yake aketiye barazani, atakapomshika mkono na kumwambia: "Mwache huyo, mwanangu. Anafanya kazi." Na asubuhi yake atampa panga, akamwonyesha nyasi zilizoota kulizunguka ghala.